Salamu Kutoka Kiogoro

Ekerenyo,
11 Februari 2024

Kwako Mama Ashley, mwanangu Persis,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Habari ya huko Voi na jua lenu? Habari ya mama yako, na baba yako, na yule dada yako aliyekuwa anaumwa mguu, je, ulipona? Ashley yuko? Bado anakataa maharagwe? Na Lewis, huo mkono wake anaweza kuinua kikombe sasa? Mwambie Magokoro wake, mimi nyanya yake, anausalimia mkono kwanza, halafu ndiyo anamsalimia yeye. Asikasirike.

Huku sisi tuko. Baba Duke anawasalimia, mgongo unamsumbua lakini anafika kwa majani chai na kurudi. Shemeji yako Nyamusi anakusalimu, anasema ile leso uliyoiacha ameifua na ameiweka, hajaivaa hata siku moja. (Ameivaa.) Ng'ombe amezaa dume. Paka yenu yuko, ananona tu. Mume wako Duke pia anakusalimu. Hapana, hilo nimeandika kwa mazoea. Duke hajui kama naandika.

Barua hii nampa Walter wa lori la ndizi, kama ile ya kwanza. Nimemwambia akupe wewe mwenyewe mkononi hapo sokoni kwenu. Namba yako mpya sikuulizi, kwa sababu simu yangu Duke anaishika akitaka, na akiiona hiyo namba atakupigia akiwa amelewa, na wewe ulibadilisha laini ukimbie hiyo.

Sasa mwanangu, uliniandikia neno moja, kwamba hurudi mpaka Duke apate kikundi. Niliposoma nilifurahi, nikasema basi hiyo ni kazi ndogo, kwetu vikundi vimejaa. Nikaenda kwa mwenyekiti wetu nikamwambia, andika Duke. Akanitazama. "Mama Duke, hiki ni kikundi cha wanawake cha kununuliana sufuria." Nikasema mwandike tu, atanunua sufuria. Wakacheka mpaka nikaona aibu nikaenda nyumbani.

Halafu mtu akaniambia Ogembo kuna watu wanasaidia walevi. Nikaenda mpaka Ogembo. Nikapata mwanaume mmoja na meza na chupa, na unga mweusi kwa karatasi. Akasema, "Mwekee kwa uji asijue, akionja pombe tena atatapika mpaka aiogope." Nikamuuliza, na asipoonja pombe, hatatapika? Akasema, "Hapo inategemea na mwili." Nilikuwa nimeshaushika ule unga mkononi. Nikaurudisha kwa meza.

Pasta pia alikuja akamuombea. Duke alilia sana kwa maombi, nikajua imeisha. Jioni hiyo hiyo alikuwa kwa wale wa chang'aa.

Kwa hivyo nakuuliza, unataka kikundi gani hasa? Wanakutana wapi? Wanaimba? Kuna sare ya kushona? Mimi nilifika darasa la nne, ukiniandikia neno moja tu nazunguka nalo wilaya nzima. Nieleze polepole, na unijibu haraka, Walter anarudi na lori wiki ijayo.

Ni mimi mama yako,
Nyanchoka


Voi,
25 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na watoto nimewasomea salamu zote. Lewis ameuinua mkono akasema, "Magokoro, huu hapa." Unainuka vizuri, ila ukikunjwa sana bado analalamika. Wazazi wangu wanakusalimu.

Nisamehe kwa kuandika kwa kifupi. Kikundi ninachosema ni cha watu waliokunywa kama Duke na wakaacha, au wanajaribu kuacha. Wanakaa pamoja kila wiki, kila mmoja anasema ukweli wake, basi. Hakuna michango, hakuna sare, na sidhani wanaimba. Nilimuuliza muuguzi mmoja wa hapa, akasema hospitali za huko kwenu lazima zina mtu wa ushauri anayejua wanapokutana. Uliza hospitali, Mama, usiulize sokoni. Na tafadhali usimwekee Duke chochote kwa uji.

Sikuondoka kwa sababu namchukia. Unaijua ile siku alivyompakia Lewis kwenye pikipiki akiwa amelewa wakaanguka kwenye mtaro wa shamba la chai. Lakini kuna kitu sijawahi kukuambia. Nilipofika pale mtoto alikuwa analia, amelalia mkono, na Duke alikuwa anacheka. Alifikiri ni mchezo. Kile kicheko ndicho kilichonipakia kwenye basi na watoto wangu.

Aende kwa miguu yake mwenyewe. Siku atakapokaa humo bila mtu kumsukuma, hapo tutazungumza habari ya watoto kumwona baba yao. Kabla ya hapo, hapana.

Persis


Ekerenyo,
8 Aprili 2024

Mwanangu Persis, Mama Ashley,

Bwana asifiwe. Salamu kwa mama yako na baba yako na dada wa mguu, na Ashley, na Lewis pamoja na mkono. Baba Duke anasalimu, Nyamusi anasalimu, na leso ni yake sasa, nimekata maneno. Na Duke anakusalimu! Hii ya leo ni ya kweli, amesimama hapa mlangoni akasema, "Kama unaandika kwa Persis, weka na yangu." Alijuaje naandika sijui. Sikumuuliza, nimeiweka tu.

Tumepata kikundi! Kiko Kiogoro, ukishapita Kisii mjini. Mama mmoja wa hospitali ndiye alinielekeza. Wanakutana Jumapili alasiri katika darasa la nasari, kwa hivyo Sabato yetu haiguswi. Nilienda kwanza peke yangu nikaone ni watu gani, kwa sababu siku hizi mtu anaweza kupeleka mtoto wake kwa mambo ya giza akifikiri ni msaada.

Mwanangu, nilichanganyikiwa mpaka sasa bado. Viti ni vile vya watoto, vidogo vidogo. Wanaume wakubwa wamekaa magoti yamefika kwa kidevu, wamezunguka kama wanangoja uji. Mmoja akasema, "Naitwa Joash, mimi ni mlevi." Nikasema kwa sauti, ushindwe! Mtu anajitamkiaje kitu kama hicho mchana? Wote wakageuka. Yule mama anayeongoza, anaitwa Eucabeth, mwalimu aliyestaafu, akasema pole pole, "Karibu, mgeni, zamu yako itafika."

Ikafika. Nikasimama vizuri nikajieleza: mimi ni Nyanchoka, bibi ya Omosa, nimeolewa Ekerenyo, nimezaliwa upande wa Nyamusi Division, mama yangu alikuwa... Eucabeth akanishika mkono. "Hapa jina lako moja linatosha." Jina moja! Hawataki kujua baba, hawataki ukoo, hawataki umetoka boma gani. Kwetu mtu wa jina moja ni mtu amefukuzwa kwao. Halafu wote pamoja wakasema, "Karibu Nyanchoka," na mwingine akaniambia, "Pole mama, hata mimi nilianza na busaa ya mazishi." Ndipo nikaelewa wananifikiria mimi ndiye mlevi. Na sikujua ninyanyuke niseme nini, nimekunywa chai yao tayari. Nikaondoka mlevi.

Nikamwambia Duke nyumbani. Alicheka mpaka akakaa chini kwa kuni. "Wewe? Mlevi?" Halafu akaacha kucheka. Akasema, "Jumapili nitaenda niwaambie si wewe, ni mimi."

Na akaenda, mwanangu. Alienda kunitoa mimi kwa ulevi, akabaki. Sasa anaenda kila Jumapili. Mimi naenda naye, wanakubali mtu wa nyumbani. Duke akizungumza natoka nje naosha vikombe kwa bomba, kwa sababu kuna mambo mama hawezi kusikia akakaa. Kuna karatasi kwa ukuta imeandikwa yanayosemwa hapa yabaki hapa, na mimi nayaacha hapo yote.

Na unajua nilimkuta nani? Abner! Abner mume wa Bonareri, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, mwalimu wa watoto wa Sabato! Karibu nianguke na sinia. Siku hizi yeye na Duke wanarudi pamoja kwa pikipiki, na Duke ananiambia, "Mama, yule mtu ananishika. Siku nikitaka kuchomoka nampigia simu yeye." Mimi nashukuru Mungu kwa huyo Abner.

Wewe niambie tu watoto wanakula. Na uniandikie haraka, mpe Walter, usingoje.

Mama yako,
Nyanchoka


Ekerenyo,
12 Mei 2024

Persis mwanangu,

Salamu kwa wote hapo, kila mtu kwa jina lake, nitawataja siku nyingine, leo nina haraka.

Duke hakwenda Kiogoro Jumapili iliyopita, na leo pia hakwenda. Hajalewa. Nakuapia hajalewa. Lakini amekaa nyuma ya jikoni juu ya pikipiki, anafungua ufunguo, injini inanguruma, anazima. Anafungua tena. Anataka kwenda wapi sijui, na yeye sidhani kama anajua.

Mambo yaliharibika hivi, na mimi siyaelewi, labda wewe uliyesoma utayaelewa. Mtu ametoa jina la Abner nje. Kanisani wamejua yuko kwa kikundi cha walevi. Wakamwambia apumzike kufundisha watoto, wamesema kwa upole lakini ni kufukuzwa. Abner akaacha kwenda Kiogoro, na Duke amemwona kwa macho yake akiingia kwa wale wa chang'aa wa hapa kwetu. Eucabeth akawaambia kwa kikundi kwamba jina limebebwa nje na mwenye jina ameumia. Hakumtaja mtu. Lakini wa kutoka Ekerenyo walikuwa wawili tu, Abner na Duke. Basi wote wakamtazama Duke.

Akarudi nyumbani, hakula. "Mama, mimi sikusema. Hata nikiwa nimelewa nilikuwa sisemi watu." Nikamwambia najua, mwanangu. Akasema, "Wamenitazama vile watu wa hapa wananitazama. Nilifikiri kule hakuna hayo macho."

Nani amefanya hivyo? Mtu gani ana roho kama hiyo? Nimefunga na kuomba Mungu amfunue.

Bonareri naye amenikasirikia, hata yeye simwelewi. Mimi ndiye nilijaribu kumsaidia nyumba yake isivunjike. Ilikuwa hivi. Siku moja Kiogoro nikiwa kwa bomba, Abner alinipitia akasema, "Mama Duke, wasalimie nyumbani." Unajua salamu mtu akikupa si zako, ni mzigo wa watu. Nilipokutana na Bonareri kwa kupima majani chai nikamwambia, Abner anawasalimia, tulikuwa naye Kiogoro Jumapili.

Akaweka kikapu chini. "Kiogoro? Abner wangu? Aliniambia anaenda Keroka kutazama ng'ombe."

Nikajifanya napanga majani yangu.

"Kila Jumapili Keroka, na ng'ombe haji! Nilijua! Ni mwanamke gani huyo, Mama Duke? Wewe ulimwona? Ni mnono?"

Mwanangu, wanawake wote wa majani wamesimama wanasikiliza. Ningemwacha aende akamfukuze mume kwa ajili ya mwanamke ambaye hayuko? Nikasema Bonareri wacha, hakuna mwanamke, ni kikundi cha kuacha pombe, ni kitu kizuri, hata Duke yuko. Sikusema neno hata moja lililosemwa mle ndani. Nilitoa salamu tu, na nikatoa mwanamke kwa njia. Sasa Bonareri hanisalimii, na Abner anakunywa, na Duke amekaa kwa pikipiki.

Nani alienda kusema kanisani? Nisaidie kufikiri. Jibu haraka, sana sana haraka, naogopa huo ufunguo.

Mama yako


Voi,
24 Mei 2024

Mama yangu,

Nimekaa na barua yako tangu Walter aniletee, nikitafuta njia laini ya kusema hili. Sikuipata.

Mama, ni wewe. Jina la Abner lilitoka kwako, pale kwa majani chai, mbele ya wanawake wote. Kanisani hakuna aliyehitaji kwenda kusema, lilifika lenyewe.

Najua hukumaanisha ubaya. Nimeishi nawe na najua kwako kukaa na salamu za mtu ni kama kukaa na kitu cha kuazima. Lakini kule Kiogoro siri haikuwa maneno peke yake. Siri ilikuwa ni kwamba mtu yuko pale. Ndiyo maana hawataki jina la baba wala la ukoo. Abner alipokuambia wasalimie nyumbani, alimaanisha nyumbani kwako, kama tunavyosema sote tukiagana. Hakukutuma kwa mke wake. Hata mimi hukupaswa kuniandikia jina lake, na mimi niliposoma nilifurahia habari nikasahau kukukanya. Hapo nina sehemu yangu.

Usilie peke yako jikoni. Mwambie Duke, leo, kabla hajapata mtu wa kumwambia kwamba kikundi hakina maana. Anabeba lawama ambayo si yake, na mlevi akibeba lawama, Mama, unajua anaenda kuitua wapi.

Na umwambie hili kutoka kwangu. Akirudi kukaa kwenye kile kiti baada ya macho yale, sitaomba ushahidi mwingine. Aje mwenyewe Voi, nitamfungulia mlango, aone watoto, tuzungumze. Kurudi Ekerenyo sijasema. Nimesema nitafungua mlango.

Persis


Ekerenyo,
17 Juni 2024

Mwanangu Persis,

Bwana asifiwe. Barua yako niliisoma jikoni nimesimama, nikafikiri Walter amenipa ya mtu mwingine. Nikaisoma tena nikakaa chini. Nilikuwa nimefunga siku ile pia, nikiomba huyo mtu afunuliwe. Nikaenda nikala.

Nilimwambia Duke. Alikuwa anafunga mnyororo wa pikipiki. Akauliza bila kuinua kichwa, "Ulimsalimia tu?" Nikasema nilimsalimia tu. "Na mwanamke?" Nikasema na mwanamke pia nilimtoa. Akasema, "Mama, wewe hata mwizi akitoka na kuku wako akikwambia wasalimie, utapeleka." Nikafikiri anacheka, kumbe macho yamejaa. Akawasha pikipiki akaenda, na hakusema anaenda wapi.

Mwanangu, ile saa sitaki uijue. Aliporudi nilimsogelea nikamnusa. Mungu anisamehe, nilimnusa mtu mzima kama mtoto mchanga. Alikuwa ananuka petroli. Akasema, "Maliza kunusa, uvae viatu. Twende kwa Abner."

Bonareri hakunipa kiti. Nikasemea kwa mlango, nikasema kila kitu vile ilikuwa, na kwamba Duke hajui lolote, na nikaomba msamaha kwa mume na kwa mke. Abner aliongea na mimi na akaniomba yabaki hapo. Bonareri hakuniomba chochote. Mpaka leo tukikutana kwa majani anageuza kikapu anipe mgongo. Ni haki yake. Lakini inaniuma, tulikuwa tunabebeana nyasi tukiwa wasichana wa kuolewa juzi.

Jumapili tulienda Kiogoro. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka mtu hasikii, tukangoja ipungue. Halafu nikaomba zamu yangu, na

Hapa nilikuwa nimeandika mistari minne nikaifuta. Unaona karatasi imechafuka, usijaribu kuisoma kwa mwanga, najua una macho. Yaliyosemwa mle siandiki. Nani alikuwepo siandiki. Kama yule mtu alikuja au hakuja, usiniulize, na ukiniuliza nitakuandikia habari ya ng'ombe. Ni ngumu, mwanangu. Mdomo wangu haujazoea. Siku hizi mtu akiniambia nisalimie fulani, namuuliza kwanza: kweli? Wananiona nimezeeka vibaya. Na bado sijaelewa vizuri vile kitu kizuri kama salamu kinaweza kuingia kwa nyumba ya mtu na kuangusha ukuta. Naelewa kwamba iliangusha. Vile iliangusha ndiyo nashindwa.

La Duke alinipa ruhusa nikuandikie, nilimuuliza kabla. Amekaa kwa kile kiti jana. Sikumsukuma. Mimi ndiye nilibaki kwa bomba nikiogopa kuingia, na yeye ndiye alinifungulia mlango.

Anakuja. Walter anaondoka Jumanne na Duke atakuwa amekaa mbele pamoja naye. Atakaa kwenu kidogo, halafu anataka kuwa amerudi kabla ya Jumapili, hilo alisema mwenyewe. Jana jioni nilianza kumpangia la kukuambia. Nikamwambia aanze na mkono wa Lewis, asianze na kurudi nyumbani, akusifu mama yako, asikae bila kualikwa. Akaniacha nimalize yote. Halafu akasema, "Mama, hayo sasa ni yangu." Nikaenda kumfungia ndizi.

Barua hii anaibeba yeye mwenyewe, kwa hivyo ukiisoma yuko mbele yako. Kwa hivyo nilichokuwa nataka kukuomba ni hiki: atakachokuambia usiniandikie. Wala utakachomjibu. Nitaumia kwa kutojua lakini nitakaa nayo. Niandikie tu kwamba amefika, na kwamba alifika mzima. Andika leo, kabla hata hajamaliza chai, umpe dereva yeyote wa huku. Ninangoja.

Mama yako,
Nyanchoka